Ufundi wa Kuihamisha Hadithi: Mashimo ya Mfalme Sulemani Kitabuni na Kwenye Filamu

Mashimo ya Mfalme Sulemani ni riwaya ya safari na maajabu iliyotungwa na Mwingereza Henry Rider Haggard. Ilichapishwa London mwezi Septemba 1885, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa kalamu ya Frederick Johnson, na tangu enzi za filamu bubu imekuwa ikirudiwarudiwa kwenye senema na runinga. Vitabu vya kigeni vilivyokaa na wasomaji wa Kiswahili kwa muda mrefu namna hiyo ni vya kuhesabu. Umri huo ni matunda ya ufundi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mtunzi, aliyejua kulifanya jambo lisilowezekana liaminike. Wa pili ni wa wale walioipokea hadithi kutoka kwake wakaihamishia kwingine: mfasiri wa kitabu, mwongozaji wa filamu, na mtafsiri wa picha katika banda la video. Ufundi huu wa pili husifiwa mara chache, nao ndio unaoamua kama hadithi itaishi ugenini au itafia njiani.

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, alipelekwa Natal kuwa msaidizi katika ofisi ya gavana, Sir Henry Bulwer. Mwaka 1877 alikuwapo Pretoria Waingereza walipoitwaa Transvaal, na mwaka uliofuata akawa msajili wa Mahakama Kuu ya huko. Katika miaka hiyo alisikia mengi kuhusu Wazulu, vita vyao na wafalme wao, akakutana na watu ambao baadaye aliwaingiza vitabuni. Umslopogaas, shujaa wa shoka katika riwaya zake, alitokana na Mswazi aliyemfahamu kwa macho, Mhlopekazi. Aliporudi kwao alisomea sheria. Basi riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, ilipotoka mwaka 1883 na kusifiwa kila mahali, Haggard alibishana na ndugu yake kwamba hata yeye angeweza kuandika kitabu cha namna hiyo. Alikiandika kwa wiki sita hivi. Wachapishaji, Cassell, walimpa achague: pauni 100 taslimu au asilimia 10 ya mauzo. Alichagua asilimia, wala hakujuta, kwa kuwa mwaka wa kwanza pekee ziliuzwa nakala 31,000. Mwaka 1887 zilifuata Allan Quatermain na She, na hadi alipofariki tarehe 14 Mei 1925 alikuwa ameandika riwaya zaidi ya 50.

Kisa cha Mashimo kinasimuliwa na Allan Quatermain, mwindaji wa tembo aishiye Durban. Sir Henry Curtis anamwomba amsaidie kumtafuta ndugu yake aliyepotea bara akienda kusaka almasi za Mfalme Sulemani. Kapteni John Good anaungana nao, na mtumishi mmoja mrefu, mwenye haiba ya kiungwana, Umbopa, anaomba kazi katika msafara huo bila kusema kinachompeleka. Wanavuka jangwa, wanapanda milima yenye theluji, wanafika nchi ya Wakukuana inayotawaliwa na Twala, mfalme dhalimu mwenye jicho moja, pamoja na ajuza Gagool ambaye hakuna ajuaye umri wake. Huko inafichuka kwamba Umbopa ni Ignosi, mrithi halali wa kiti, mwenye chale ya nyoka kiunoni. Vita vinapiganwa, Twala anauawa, na Gagool anawaongoza wageni hadi pango la hazina, kisha anawafungia ndani kwa mlango wa jiwe, jiwe ambalo linamponda mwenyewe.

Kisa hicho kingeweza kuwa porojo tupu. Kilichokiokoa ni jinsi mtunzi alivyoitandika njia ya kuelekea kwenye maajabu. Quatermain ni mzee mchovu, anayechechemea kwa jeraha la simba, anayekiri kwamba kalamu si fani yake. Anataja aina ya bunduki, idadi ya risasi, uzito wa mizigo na kiasi cha maji. Ramani ya hazina ina mwenyewe, Mreno José da Silvestra. Ina mwaka, 1590. Na ina sababu ya kuchorwa kwa damu, maana Silvestra alikuwa anakufa pangoni bila wino. Chini ya kurasa kuna tanbihi, kana kwamba msomaji ameshika taarifa ya kweli. Kwa riwaya ya She, Haggard alikwenda mbali zaidi: shemeji yake, Agnes Barber, alimtengenezea kigae halisi chenye maandishi ya kale, na picha yake ikawekwa kitabuni. Kanuni iliyo nyuma ya yote hayo ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitimiza. Msomaji aliyekwisha kumwamini msimulizi katika maji na risasi atamwamini pia atakapofika kwa ajuza asiyekufa.

Bara ambalo Haggard alilibuni lilikuwa na chimbuko katika habari za safari za kweli. Mwaka huohuo wa 1885, Mskoti Joseph Thomson alichapisha kitabu cha safari yake ya 1883 na 1884 kutoka Mombasa kupitia nchi ya Wamaasai. Humo alieleza alivyowashangaza wenyeji kwa kutoa na kurudisha meno ya bandia, na katika riwaya ya Haggard Kapteni Good anaokolewa na hila ileile. Lakini kwa watu wa uwanda wa kati wa Tanzania, mnasaba ulio karibu zaidi uko katika barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, kwenda Tabora na Ujiji. Baina ya Mpwapwa na Ugogo lilikuwapo pori lisilo na maji lililoitwa Marenga Mkali. Burton na Speke walilivuka katika safari yao ya miaka ya 1850, Stanley akalivuka mwaka 1871, na wapagazi wasiohesabika walilivuka kabla na baada yao, wakibeba maji yao na kutembea hadi usiku ili kulikwepa jua.

Kata ya Mkonze, pembezoni mwa jiji la Dodoma, imo katika nchi hiyohiyo ya Wagogo, nchi ya mibuyu, majabali na makorongo ambayo kwa miezi mingi ya mwaka hubaki mchanga mtupu. Anayekulia huko anajua kuchimba korongoni kutafuta maji, na anajua thamani ya kibuyu kimoja. Msomaji wa namna hiyo anapofika kwenye sura ya jangwa, anaisoma kama hakimu. Anawakuta wasafiri wakitembea usiku kwa mwanga wa mwezi, mchana wakichimba shimo na kujifunika vichaka, wakipimiana maji kwa tone. Anamkuta Ventvögel, mtumishi wa Kikhoikhoi, akinusa hewa na kusema maji yako karibu. Sura hiyo inapita mtihani wa msomaji wa nchi kavu, na hiyo ni sifa ambayo mhakiki wa London hakuwa na uwezo wa kuitoa.

Frederick Johnson alikifasiri kitabu hicho wakati Kiswahili kilipokuwa kinawekewa misingi yake ya usanifu. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, na Johnson akawa katibu wake wa kwanza mpaka alipofariki mwaka 1937. Kamusi zilizotokana na kazi yake zilitoka mwaka 1939. Shule zilihitaji vitabu vya kusoma, na vilivyokuwapo havikutosha. Johnson alifasiri pia Kisiwa chenye Hazina na Safari za Gulliver, na kitabu kingine cha Haggard, Hadithi ya Allan Quatermain. Katika kipindi hichohicho Edwin Brenn aliwapa wasomaji Alfu Lela U Lela kwa Kiswahili.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba lugha iliyompokea Haggard ilikuwa tupu. Kiswahili kilikuwa na karne za tenzi, na kilikuwa tayari na nathari yake ya safari. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo ambamo watu kama Selemani bin Mwenye Chande walieleza safari zao za bara kwa maneno yao wenyewe. Tippu Tip naye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Ndani ya maandishi hayo mna mpagazi, mtumba, kambi, hongo, pori, njaa na vita, yaani vitu vyote vya msafara wa Quatermain, vikiwa vimeshikwa na watu waliovibeba begani. Haggard alibuni msafara kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misafara yenyewe. Hivyo hadithi ilipovuka kuja Kiswahili ilipata nyumba iliyokwisha jengwa, na kazi ya mfasiri ikawa kujua kila kitu cha mgeni kinakaa chumba gani.

Ufundi wa mfasiri huonekana pale anapokataa kuonekana. Hana ruhusa ya kuongeza vita wala kupunguza kifo. Anatakiwa kumfanya mzee wa Durban aongee Kiswahili kinachomfaa mzee, mfalme aongee kama mfalme, na ajuza atishe bila kuchekesha. Maelezo ya Kiingereza yenye vishazi vingi vinavyoning'inizana hana budi kuyavunja na kuyaunga upya, ili yatembee kwa mwendo wa mtu anayesimulia barazani. Akikosea kidogo, msomaji anasikia kishindo cha lugha ya kigeni nyuma ya sentensi, na imani iliyojengwa kwa taabu inabomoka. Kitabu kilichosomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Tanganyika, Kenya na Uganda hakikusomwa kwa amri ya mwalimu peke yake. Kilisomwa kwa sababu kilisomeka.

Kwa kubadilisha msomaji, tafsiri ilibadilisha pia uzito wa kisa. Mvulana wa Kiingereza wa 1885 alimfuata Quatermain. Kijana wa Kiafrika wa miaka ya 1930 na 1940, aliyeishi chini ya gavana na kodi ya kichwa, alikuwa na mtu mwingine wa kumfuata: mtumishi anayebeba mizigo ya wazungu huku akijua kwamba yeye ni mfalme. Karibu na mwisho wa kitabu Ignosi anawaaga rafiki zake watatu na kutangaza kwamba hatawaruhusu wazungu wengine kuingia nchini mwake, wala wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, wala wahubiri. Haggard aliandika maneno hayo akiwa mtumishi wa zamani wa dola. Yakisomwa kwa Kiswahili katika koloni, yalikuwa na maana ambayo hakuipanga, na mfasiri mwaminifu aliyapitisha.

Nathari ya kubuni ya Kiswahili ilikua jirani na tafsiri hizo. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, aliiweka hadithi yake katika nchi inayoelea angani, na katika Adili na Nduguze ya 1952 alisimulia ndugu waliogeuzwa manyani, kisa chenye asili katika Alfu Lela U Lela. Shabaha yake ilikuwa nyingine kabisa, maana nchi zake za kufikirika zipo ili haki na dhuluma zipimwe. Hata hivyo alikuwa na wasomaji waliokwisha zoea kuingia katika nchi isiyokuwapo ramanini wakatoka wakiwa na jambo la kuwaza, na wafasiri wana sehemu yao katika mazoea hayo.

Filamu zilimfuata Haggard mapema sana. Mwaka 1899 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu fupi iliyotokana na nguzo ya moto katika She. Mashimo yenyewe yalipigwa filamu bubu huko Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1910. Ilipotengenezwa filamu bubu ya She ya mwaka 1925, Haggard mwenyewe, akiwa ukingoni mwa maisha yake, aliandika maneno ya kusomwa kwenye pazia.

Filamu ya kwanza ya Mashimo yenye sauti ilitoka Uingereza mwaka 1937, ikiongozwa na Robert Stevenson. Quatermain aliigizwa na Cedric Hardwicke, lakini anayeibeba filamu ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, aliyeigiza Umbopa na kuimba. Robeson alikuwa mwimbaji mashuhuri duniani na mtetezi wa haki za watu weusi, na haiba yake inampa Umbopa nafasi ambayo kitabu kinampa kwa maneno machache tu. Filamu hiyo pia ilianzisha desturi iliyorithiwa na nyingine: ilimwingiza msichana wa kizungu, asiyekuwamo kabisa kitabuni, ili pawe na mapenzi.

Filamu ya 1950 ya kampuni ya MGM, iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, ndiyo inayoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Haggard aliweka Ukukuana mbali kusini, lakini kampuni ilileta kamera zake Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda, na maporomoko ya Murchison yakawa sehemu ya safari ya Quatermain. Stewart Granger na Deborah Kerr walikuwa wahusika wakuu, na watu wa eneo hili walipewa nafasi zenye majina: Siriaque aliigiza Umbopa, Kimursi akaigiza Khiva, Baziga akawa Twala. Kiswahili kinasikika ndani ya filamu hiyo. Muziki wa okestra haukutungwa. Ngoma na sauti za Kiafrika zilitosha. Robert Surtees alipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa rangi, na wahariri, Ralph E. Winters na Conrad A. Nervig, wakapata ya uhariri. Filamu hiyo ililipa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Ilionyesha nyika, makundi ya wanyama wakikimbia na watu wa kweli wakicheza ngoma zao, mambo ambayo kitabu huyataja tu. Lakini vita vya kupigania kiti vilipunguzwa vikawa pambano la watu wawili, na nusu ya moyo wa hadithi ikahamia kwa mwanamke wa kizungu na Quatermain anayemwongoza safarini.

Filamu ya 1985, iliyopigwa Zimbabwe na kuongozwa na J. Lee Thompson, wakiwamo Richard Chamberlain na Sharon Stone, ilifuata nyayo za filamu za mikikimikiki zilizokuwa zikivuma Marekani. Kasi ni kubwa, hatari ni nyingi, na hakuna hata moja inayotisha, kwa sababu msimulizi mchovu anayehesabu maji hayumo. She nayo ilipata misukosuko: filamu ya 1935 iliihamisha nchi ya malkia Ayesha kutoka Afrika hadi kwenye barafu ya kaskazini, na ile ya 1965, pamoja na Ursula Andress na Peter Cushing, ilikuwa na uzuri wa kutazamwa kuliko kutetemesha.

Ukizilinganisha filamu hizo na kitabu, tofauti haiko katika uaminifu wa kila tukio. Filamu ina haki ya kufupisha. Saa mbili hazibebi kila kitu. Tofauti iko katika kujua kinachoishikilia hadithi. Mlango wa jiwe unapoteremka na taa ikazimika, kitabu kinamwacha msomaji gizani pamoja na almasi zisizomfaa kitu, na kimya kile ndicho kilele cha maajabu yote. Kamera haiwezi kupiga giza tupu kwa muda mrefu, hivyo filamu hutafuta mlipuko au maji ya kufurika. Anayeihamisha hadithi kwa ustadi hujiuliza kwanza kitu gani hakiwezi kuhama, kisha hutafuta kilicho sawa nacho katika fani yake. Uso na sauti ya Robeson, na nyika halisi ya 1950, ni majibu mazuri ya swali hilo.

Tanzania imelijibu swali hilo kwa namna yake. Katika mabanda ya video, mijini na pembezoni kama Mkonze, filamu za kigeni zilipata msimulizi wa tatu: mtafsiri anayepunguza sauti ya wahusika na kusimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia jina kubwa katika kazi hiyo, na King Rich pia, na kanda zenye sauti zao ziliuzwa na kukodishwa mbali na walipozirekodia. Uganda ina VJ Jingo na wenzake, Kenya ina DJ Afro. Mtafsiri wa picha hafuati maneno peke yake. Anamtambulisha stelingi, anafafanua desturi ya kigeni, anatoa onyo kabla adui hajatokea, anapachika mithali panapostahili. Watazamaji wengi wasingefuata mazungumzo ya Kiingereza, Kihindi au Kichina. Kwa sauti yake wanaifuata hadithi mpaka mwisho na kutoka wakibishana kuhusu haki na kosa. Kwa kufanya hivyo anairudishia filamu kile ambacho waongozaji walikitupa: msimulizi mwenye sauti, anayejua njia, anayezungumza na watu walioketi gizani.

Kusifu ufundi si kuficha ila za kitabu. Haggard aliamini ukubwa wa dola ya Kiingereza, na imani hiyo imo katika kurasa zake. Foulata, msichana wa Kikukuana anayempenda Kapteni Good, anauawa, na mtunzi anamfanya aone kifo chake kuwa heri, ati kwa kuwa weupe na weusi hawawezi kuoana. Gagool amebeba woga wote wa mgeni kuhusu wanawake wazee wa Kiafrika. Mashujaa wanaondoka na almasi. Mambo haya hayastahili kusamehewa kwa sababu ya umri wa kitabu. Wahamishaji wa hadithi ndio wanaoyakuta uso kwa uso, na kila mmoja huamua: mfasiri hupitisha na kumwachia msomaji ahukumu, mwigizaji kama Robeson humpa heshima mhusika aliyenyimwa, mtafsiri wa banda la video anaweza kumsema stelingi palepale anapokosea, na hadhira ikaitikia.

Haki za Haggard zimekwisha muda wake, kwa kuwa amefariki miaka 100 na zaidi iliyopita. Yeyote anayetaka anaweza kuihamisha Mashimo upya: mwandishi wa tamthilia, mchoraji wa katuni, mwongozaji wa filamu wa Dodoma mwenye majabali na makorongo mlangoni pake. Anaweza kuanza pale ambapo filamu nyingi zimepita haraka, kwa mtumishi anayebeba mzigo akiijua siri yake, na akaifanya safari nzima ionekane kwa macho ya Umbopa. Nyenzo anazo: nathari ya misafara tangu Selemani bin Mwenye Chande, nchi za ajabu za Shaaban Robert, na sauti za watafsiri wa mabanda. Kazi hiyo itapimwa kwa kipimo kilekile alichopimwa Johnson mwaka 1929: kama msikilizaji ataamini maji, ataamini pia maajabu.